Usingoje stima ipotee ndipo utafute tochi

"Nani ana kiberiti?" Hilo ndilo swali la kwanza linalosikika katika ploti nyingi za mijini pindi stima inapopotea. La pili huwa, "Mshumaa tuliuweka wapi?" Kabla ya jibu kupatikana, mtoto amekwisha kujikwaa kwenye stuli, chai imemwagika na baba mwenye nyumba anapapasa ukuta akitafuta mlango.

Juma hili, msomaji, tuzungumzie kifaa kidogo ambacho kingemaliza zogo hilo lote. Nacho ni tochi ya mfukoni, au kurunzi kama wanavyopenda kuiita walimu wetu wa Kiswahili. Si ile ndefu ya mawe matatu ambayo askari wa usiku hubeba kwapani, bali ile ndogo inayotoshea kiganjani na inayoweza kukaa mfukoni au mkobani kila siku pamoja na funguo na kitambulisho.

Huenda ukasema huo ni ubadhirifu. Hebu fikiri kwanza.

Sisi tunaoishi karibu na ikweta hatuna jioni ndefu. Jijini Nairobi jua hutua kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja, mwaka nenda mwaka rudi, na baada ya nusu saa hivi giza huwa limetanda. Mfanyakazi anayetoka afisini saa kumi na moja, akapigwa na foleni ya matatu na msongamano wa magari, hushuka kituoni akiwa gizani. Mbele yake kuna kijia chenye madimbwi, mitaro isiyofunikwa na mashimo ya maji taka ambayo vifuniko vyake vilikwisha kuuzwa kama vyuma vikuukuu.

Stima nayo ina vituko vyake. Mnamo Juni 7, 2016, tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, na nchi nzima ikabaki gizani kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alinusurika. Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, stima ilipotea tena karibu nchi nzima, na hata sehemu ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ikaingia giza, abiria wakiwa wamo ndani. Ikiwa uwanja wa ndege hukumbwa na hayo, sembuse ploti yako na yangu?

Simu si tochi

Najua jibu la vijana wengi. "Simu yangu ina taa, ya nini tochi?"

Ni kweli kwamba simu na tochi ni marafiki wa siku nyingi. Kampuni ya Nokia ilitoa simu yake ya 1100 mwaka 2003 ikiwa na tochi ndogo kichwani, na simu za aina hiyo zikaja kubandikwa jina ambalo kila Mkenya analijua: mulika mwizi. Simu hiyo ilikuwa ngumu na chaji yake ilidumu kwa siku kadhaa.

Simu za leo ni tofauti. Kwanza, chaji yake aghalabu huisha siku hiyo hiyo. Stima ikipotea saa mbili usiku na simu ina chaji robo, chaji hiyo ni ya kumpigia daktari, jirani au fundi, na ya kulipa kwa M-Pesa. Ukiitumia kumulikia ugali, utaitafuta saa sita usiku usiione.

Pili, na hili ni kubwa zaidi, anayetembea gizani akiwa ameinua simu ya maelfu ya shilingi huwa anamwonyesha mwizi mahali ilipo. Hapo ni yeye anayemulikwa, si mwizi. Tochi ya shilingi mia chache ikinyakuliwa, utanung'unika kisha uendelee na safari yako. Simu ikienda, imekwenda na pesa, na nambari za watu, na picha za watoto.

Tatu, simu ikianguka mtaroni ndiyo basi. Tochi nzuri huokotwa, ikapanguswa, ikaendelea kuwaka.

Mwanga wa kiasi gani?

Tochi ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mvumbuzi David Misell alipewa hataza ya tochi ya mkono huko Marekani mnamo Januari 10, 1899. Mawe ya wakati huo yalikuwa dhaifu na taa yenyewe iliweza kuwaka kwa muda mfupi tu kabla ya kupumzishwa. Kwa miaka mingi baada ya hapo, tochi zilitumia globu yenye uzi mwembamba ndani, na sehemu kubwa ya nguvu za mawe ilipotea kama joto.

Mambo yalibadilika ilipokuja LED, ile taa ndogo isiyo na uzi. Taa hizo za rangi nyeupe ziliwezekana baada ya wanasayansi kufaulu kutengeneza LED ya buluu yenye mwanga mkali, kazi iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kwa sababu hiyo, leo jiwe moja dogo hufanya kazi iliyohitaji mawe mawili au matatu makubwa.

Mwanga wa tochi hupimwa kwa lumeni. Mshumaa mmoja hutoa takriban lumeni 12. Globu ya zamani ya wati 60, ile iliyoning'inia sebuleni, ilitoa lumeni 800 hivi. Ukijua hayo mawili, muuzaji hawezi kukupotosha.

Kutafuta tundu la kufuli, kusoma nambari ya mlango au kumwangalia mtoto mchanga bila kumwamsha, lumeni 5 zatosha. Kutembea kijiani, 50 hadi 100 ni nyingi. Kumulika ua mzima ujue ni mbwa au ni mtu, tafuta 200 au 300. Zaidi ya hapo, kwa tochi ya mfukoni, mara nyingi unalipia majivuno.

Kwa hivyo, usiulize tu tochi inawaka kwa ukali gani. Uliza pia kama inaweza kuwaka kwa udogo. Tochi yenye ngazi mbili au tatu za mwanga ni bora kuliko ile inayojua kuwaka kama taa za lori tu. Mwanafunzi anayelala na wenzake watatu katika chumba kimoja cha bweni anajua ninalosema. Ukimulika kitabu kwa lumeni 300 saa saba usiku, kesho yake hutakuwa na marafiki.

Jihadhari pia na nambari zilizochapishwa kwenye pakiti. LED nzuri hutoa lumeni 100 hadi 150 hivi kwa kila wati moja. Ukiona tochi ya ukubwa wa kidole imeandikwa lumeni 10,000, piga hesabu. Ingehitaji wati 70 au zaidi, ambazo ni nyingi kuliko zinazotolewa na chaja za kompyuta nyingi za mkononi, na ingekuunguza kiganja. Huo ni uongo wa mchana.

Watengenezaji waaminifu hufuata kipimo kinachoitwa ANSI FL1, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2009. Lakini hata hapo soma kwa makini. Muda wa kuwaka unaotajwa huhesabiwa mpaka mwanga uliopimwa mwanzoni ubaki asilimia 10 tu. Tochi iliyoandikwa saa kumi huenda ikawa na nguvu kamili kwa dakika chache, kisha ikafifia polepole kama mzee anayesinzia.

Mawe au chaji?

Hapa ndipo familia nyingi hugawanyika.

Kuna tochi zinazotumia mawe ya kawaida ya AA, yale yanayowekwa kwenye saa ya ukutani na redio ndogo, au ya AAA, ambayo ni membamba zaidi na hutumiwa katika rimoti ya televisheni. Uzuri wake ni kwamba mawe hayo hupatikana katika kila kioski kuanzia Kayole hadi Kakamega. Likiisha moja unatia jingine, na mwanga unarudi papo hapo hata kama stima imepotea kwa siku tatu.

Ubaya wake ni kwamba mawe huvuja. Yale ya bei nafuu huvuja haraka zaidi, kwa kuwa kopo lenyewe la zinki ndilo linaloliwa kadiri jiwe linavyotumika. Tochi iliyosahauliwa kabatini kwa mwaka mzima hufunguliwa ikakutwa imejaa unga na kutu. Toa mawe ikiwa hutaitumia kwa muda mrefu, na kamwe usichanganye jiwe jipya na kuukuu. Lililochoka humvuta mwenzake, kisha huvuja.

Kuna wanaokumbuka mawe yaliyotengenezwa Nakuru kwa miongo kadhaa, mpaka kiwanda hicho kilipofungwa mwaka 2014. Siku hizi karibu yote hutoka ng'ambo, na ya bandia yamejaa sokoni. Tazama alama ya KEBS, tarehe ya kuharibika, na maandishi yasiyo na makosa ya tahajia.

Aina ya pili ni tochi za kuchajiwa, zenye betri ya lithiamu ndani na tundu la waya wa USB kama wa simu. Kwa mtu anayeitumia kila siku, hizi ndizo zinazookoa pesa, kwa kuwa mawe hununuliwa kila mara na chaji hugharimu senti tu. Wanafunzi wengi huzipenda kwa sababu waya wa simu na wa tochi huwa ni ule ule.

Lakini lithiamu haina mzaha. Usiichaji ikiwa juu ya godoro au chini ya mto. Usitumie betri iliyovimba, iliyobonyea au iliyochunika ngozi. Usibebe betri tupu mfukoni pamoja na funguo na sarafu, kwani chuma kikiunganisha ncha zake hupata moto mara moja. Vilevile ipo betri ya lithiamu inayoitwa 14500, ambayo kwa umbo ni sawa kabisa na jiwe la AA. Jiwe la AA lina volti 1.5, ilhali 14500 ina volti 3.7. Ukiitia katika tochi ambayo haikutengenezewa, unaweza kuiunguza taa siku hiyo hiyo.

Uongo wa nambari upo huku pia. Betri za ukubwa wa 18650, zile nene kama kidole gumba, hazipiti milianpia 3,500 hadi 4,000 hivi. Ukiona imeandikwa 9,900, mrudishie mwenyewe.

Ushauri wangu kwa familia ni huu: mkiweza, muwe na zote mbili. Ya kuchajiwa itembee mfukoni, ya mawe ikae nyumbani mahali pamoja panapojulikana na wote, hata na mgeni aliyelala jana.

Hatari iliyojificha

Sasa wazazi, tegeni sikio.

Zipo tochi ndogo sana za kuning'inizwa kwenye funguo, zenye rangi za kuvutia na bei ya kutupwa. Nyingi hutumia betri bapa kama kifungo, zile za saa. Kwa mtu mzima hazina neno. Kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu, ambaye kila kitu hukipeleka mdomoni, zinaweza kuua.

Betri hiyo ikikwama kooni, unyevu wa mwili huifanya ipitishe umeme, nayo huanza kuunguza nyama ya koo. Madhara makubwa yanaweza kutokea katika muda wa saa mbili tu. Mtoto anaweza kuonyesha dalili za mafua ya kawaida: kikohozi, mate mengi, kukataa chakula. Ukishuku tu kwamba amemeza, usimtapishe na usingoje kesho. Mkimbize hospitali yenye mashine ya eksirei na useme wazi kwamba huenda ni betri.

Ikiwa una watoto wadogo, basi nunua tochi ambayo kifuniko chake cha betri hufungwa kwa skrubu, au uachane na aina hiyo kabisa. Mfundishe mtoto pia kutomulika macho ya mwenzake. Mwanga mkali machoni humpofusha mtu kwa muda, na anayeshuka ngazi au kuendesha baiskeli anaweza kuanguka.

Na wale wanaosema mshumaa unatosha, wakumbuke kwamba mshumaa na koroboi huwa na moto, na katika nyumba za mbao na mabati zilizobanana, moto mmoja ni wa mtaa mzima. Tochi haichomi pazia. Ila ukisikia harufu ya gesi jikoni, hata tochi usiiwashe humo ndani, wala swichi ya ukutani. Fungua milango na madirisha, toeni watoto, kisha tokeni nje.

Dukani

Ukifika kwenye maduka ya vifaa vya umeme ya Luthuli Avenue au mahali pengine popote, usione haya kuijaribu. Pesa ni zako.

Iwashe na kuizima mara ishirini. Ikisita mara moja dukani, itasita mara kumi kijiani. Itikise ikiwa inawaka. Taa ikipepesa, springi au nyaya zake ni legevu. Fungua na kufunga mkia wake uone kama hesi zinaingia vizuri bila kukwaruza. Mulika ukuta mweupe: mwanga uwe na kitovu chenye nguvu na ukingo mpana hafifu wa kukuonyesha miguu yako. Kitovu peke yake ni cha mlinzi anayemulika mbali.

Iache iwake dakika tano huku mkizungumzia bei. Kupata joto kidogo ni kawaida. Ikishindwa kushikika, iache.

Uliza kuhusu maji. Alama ya IPX4 ina maana inavumilia matone ya mvua. IPX7 ina maana inaweza kuzama mita moja kwa dakika 30. Kwa mvua zetu za Aprili, IPX4 ni ya lazima.

Angalia pia kama ina klipu ya kuishikilia mfukoni, kama inaweza kusimama wima mezani, na kama ina njia ya kuifunga isijiwashe yenyewe ndani ya mkoba. Nyingi za chuma hufungika kwa kulegeza mkia wake robo mzunguko. Kusimama wima si pambo: ukiielekeza darini, mwanga hurudi chini na chumba kizima kikaonekana, watoto wakamaliza kazi ya ziada.

Mwisho, dai risiti. Watafiti wa Lumina Project waliochunguza tochi za LED nchini Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 2010 walikuta kwamba wengi wa watumiaji walipata matatizo ya ubora baada ya miezi michache tu. Walioumia zaidi ni wenye kipato kidogo, wanaonunua ya bei ya chini mara kwa mara badala ya kununua nzuri moja. Wahenga walisema rahisi ni ghali.

Ipi ni yako?

Kwa mwanafunzi, chukua nyembamba ya AAA au ndogo ya kuchajiwa, yenye mwanga mdogo wa kusomea. Kwa mama au binti anayerudi jioni, chagua ya kitufe kimoja tu, inayowaka kwa nguvu mara ya kwanza, na iwe mkononi kabla ya kushuka matatu, si chini ya mkoba penye kanga na chanuo. Kwa mzee mwenye vidole vizito, epuka zenye vitufe vidogo na mitindo saba ya kumetameta. Hahitaji disko anapokwenda msalani.

Kumbuka lakini kwamba tochi si silaha. Kazi yake ni kukuonyesha shimo, nyoka au waya wa stima ulioanguka, ili ugeuze njia mapema. Ukiona kundi usilolielewa mbele, geuka nayo.

Ukishainunua, weka siku moja kila mwezi ya kuikagua. Iwashe, pangusa kioo, ichaji au tazama mawe. Tochi isiyowaka siku ya giza ni kipande cha chuma tu.

Leo jioni, kabla ya kulala, fanya jaribio dogo na familia yako. Zima taa zote na umwambie kila mmoja alete tochi ya nyumba. Hesabu ni dakika ngapi zitapita. Ikiwa ni zaidi ya moja, unajua la kufanya kesho.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.